Fomu Iliuliza Jina

Habari ninayoandika hapa hamtaiamini, na wala sitawabembeleza. Hata mimi nisingeiamini kama ningeisikia kwa mtu mwingine, kwa sababu watu wengine hutia chumvi. Mimi sitii. Niliishia darasa la sita, si kwa ujinga, ila mwalimu alisema hana tena la kuniongezea, na tangu siku hiyo kila ninachokisema nimekiona kwa macho yangu, au nimeambiwa na aliyekiona, au kilikuwa lazima kitokee tu.

Basi. Mize, binti wa marehemu kaka yangu, anauza kanga Makorora. Alizaliwa Wete, akavushwa kuja Tanga akiwa bado wa kubebwa, na mpaka leo akikasirika ulimi unarudi Pemba wenyewe bila nauli. Sebuleni kwake hakuna kochi. Kuna mkeka, kabati mbili za vioo, na kanga zilizopangwa mpaka darini. Mwanamke akiingia pale haulizi bei kwanza. Anakaa mkekani, anashusha ushungi, anaeleza. Wifi kamfanyia hivi, jirani kampita bila salamu, mume karudi na harufu ya udi usiochomwa nyumbani kwake. Mize anasikiliza huku anakunja doti, kisha anauliza swali lake moja:

"Wataka la kujibu, la kunyamazisha, au la kupatana?"

Ukishamwambia, ananyoosha mkono kabatini bila kutazama na kukutolea dawa yako.

Maana kanga, kwa asiyejua, ina pindo, ina mji wa katikati, na chini ya mji ina maandishi. Huku kwetu maandishi hayo tunayaita jina. "Hii jina lake nani?" ndivyo mtu anavyouliza, kama anavyouliza mtoto wa watu. Rangi ni nguo tu. Jina ndilo linalovaliwa harusini, ndilo linalopitishwa mbele ya dirisha la mke mwenza mara tatu kabla ya saa nne ya asubuhi. Nimemwona Mize akikataa kumuuzia mtu kanga nzuri ya zari kwa sababu jina lake lingemvunjia ndoa. Alimwambia, "Hii si yako shoga, hii itakutia matatani," akamrudisha nyumbani na nyingine.

Alikuwa akiishi hivyo, hana neno na mtu, mpaka akaja Loveness.

Loveness ni msichana wa Kichaga, mama yake alikuja na kazi ya mashamba ya mkonge. Alifika amevaa fulana ya zambarau yenye maandishi kifuani, GULIO TELE. Gulio Tele ni soko la kwenye simu, kubwa, lina kila kitu kuanzia sindano mpaka mabati, na mwenye nalo hajulikani anakaa wapi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

"Shangazi, unauza kwa kusubiri watu waje? Siku hizi dunia nzima iko kwenye simu."

"Dunia nzima ya nini? Mie nataka Makorora, Ngamiani na Chumbageni."

"Utauza mpaka Mbeya!"

"Mbeya wana ugomvi gani?"

Loveness akacheka, akadhani ni utani. Akamsajili. Wakapiga picha kanga moja moja, zimekunjwa vizuri, mji na pindo vinaonekana, na maandishi yamejificha ndani ya mkunjo, kwa sababu Loveness alisema picha ikijaa maneno hainunuliki. Kisha akampa simu. "Sasa jaza fomu, Shangazi. Ni rahisi, kila kitu ni Kiswahili."

Fomu kweli ilikuwa ya Kiswahili. Iliuliza rangi, Mize akajaza rangi. Iliuliza ukubwa, akajaza doti. Kisha ikauliza: Jina la bidhaa.

Haya, niambieni ninyi. Mtu aliyeuza kanga miaka ishirini, ukimwuliza jina la kanga hii, atakujibu nini? Atakwambia "Kanga Nyekundu Nzuri"? Mize alivaa miwani akajaza majina yote ishirini na mawili, herufi kubwa tupu, kama yalivyoandikwa kwenye nguo. Soko likayapokea yote bila kukohoa. Likamwandikia: "Hongera Mize! Bidhaa zako ziko hewani."

Sharti lilikuwa moja. Mali isikae kwa muuzaji. Ikae kwenye stoo ya Gulio Tele, ile iliyo njia ya Pongwe, ili mteja akibonyeza tu wao wapeleke. Mize akapeleka marobota mawili. Moja lilikuwa la kuchanganya, doti thelathini za majina mbalimbali. La pili lilikuwa doti thelathini za jina moja, na hilo ndilo lililotuvua nguo.

Lilikuwa sare ya Nasra wa Mkwaja. Nasra ni rafiki wa Mize, na alikuwa anaoza binti yake Ijumaa. Watu wa upande wa mume walikuwa wamesikika wakisema, tena kisimani, mbele za watu, kwamba wanamchukua yule binti kumpunguzia mama yake tumbo la kulisha. Nasra hakujibu. Alipanda gari mpaka Makorora, akakaa mkekani, akashusha ushungi, na Mize akampa jina: TUMEMTOA SI KWA NJAA. Wanawake thelathini wa upande wa mke wataingia wamejifunga hilo, hakuna atakayefungua mdomo, na kila mtu atakuwa amejibiwa. Ili kumpunguzia Mize safari ya Mkwaja, Nasra aliagiza sare hiyo kwa njia ya Gulio Tele. Wenyewe walikuwa wametangaza: tunafika popote.

Jumatatu ya wiki ya harusi, saa tatu asubuhi, simu ya Mize ikalia. Alinisomea mimi, maana nilikuwa pale nakunywa chai yake.

"Duka lako limefungwa kwa kutumia lugha ya matusi dhidi ya mteja. Mteja: Dorkasi, Muheza. Tusi lililotumika: UMEZIDI KIHEREHERE. Mizigo yako yote imezuiliwa kwa uchunguzi wa siku ishirini na moja."

Mize alisoma mara ya pili. Alivua miwani akaifuta, akasoma mara ya tatu.

"Ami, mie nimemtukana nani?"

"Hujamtukana mtu. Hilo si jina la ile nyekundu ya korosho?"

"Ndilo! Jina la kanga hilo!" Akasimama. "Siku ishirini na moja! Ami, Nasra aoza Ijumaa!"

Mize hakulia, hakukaa chini. Aliona mbele yake wanawake thelathini wa Mkwaja wakiingia harusini kila mmoja na kanga yake aliyoitoa sandukuni, huku na huku kama watu waliokimbia moto, na wale wakwe wakitazamana kwa chini kwa chini: si tulisema? Aliahidi yeye. Ugomvi ule alikabidhiwa yeye, kwa mkono wake. Katika miaka yote hiyo sare yake haikuwahi kuchelewa, na ikichelewa hii, pwani nzima kutoka Moa mpaka Saadani hakuna mwanamke atakayekaa tena kwenye ule mkeka.

Akapiga simu ya huduma. Mtu akaimba. Wimbo ukaisha, ukaanza upya. Tuliusikiliza mpaka nikaujua wote, na ningeweza kuwaimbia hapa. Mwisho sauti ikasema wahudumu wote wana shughuli, tafadhali andika ujumbe kwa msaidizi wetu.

Huyo msaidizi si mtu. Ni mashine inayojibu kabla hujamaliza kuuliza. Mize akaandika kwa kidole kimoja, anabonyeza kama anaua kunguni:

"Sikumtukana mtu. Hilo ni jina la kanga."

"Asante sana Mize! Niko hapa kukusaidia. Tafadhali taja jina la bidhaa unayoulizia."

Mize akaandika: "UMEZIDI KIHEREHERE."

"Tumegundua lugha isiyofaa katika mazungumzo haya. Mazungumzo yamefungwa kwa saa ishirini na nne."

Loo! Naapa, ile simu ilipita karibu na sikio langu ikatua kwenye kabati ya kioo, na kwa bahati ilidondokea kwenye vitenge. "Laniuliza jina, nalitaja! Nalitaja, laniambia natukana! Sasa nilitaje vipi? Nilipige miluzi?"

Akasubiri zile saa ziishe, na Jumanne zilipoisha, mashine ikamwuliza tena jina la bidhaa. Mize alikuwa ameshapata akili. Akaandika "kanga nyekundu". Mashine ikamjibu kwamba bidhaa hiyo haipo katika duka lake.

Jumatano tukaenda stoo.

Stoo ya Gulio Tele ni godauni refu la mabati, lina dirisha moja la kioo, na kwenye kioo kuna tundu dogo la kupitishia karatasi. Mbele ya dirisha kulikuwa na foleni ya watu waliochoka. Mbele yetu alisimama mvuvi mmoja wa Moa, jina lake Soud. Aliagiza turubai la kufunikia banda la samaki, wakamletea la kufunikia redio.

"Vipimo vilikuwa sawa, bibie," akamwambia Mize. "Niliandika kumi kwa kumi. Mie nahesabu hatua, wao wakahesabu inchi. Hii ni mara yangu ya nne hapa. Yule binti ananijua mpaka jina la mama yangu."

Yule binti alikuwa Loveness. Fulana ilikuwa ile ile, ila tabasamu lilikuwa limebaki Makorora.

"Shikamoo, Shangazi."

"Nimefuata mzigo wangu." Marahaba hakuitoa, na kwa Mize hilo ni jambo kubwa, aliwahi kumwitikia hata mwizi.

"Shangazi, nimeona. Duka limefungwa. Mfumo umezuia."

"Fungua."

"Siwezi kufungua. Mfumo hauniruhusu."

"Robota langu la sare nalijua, nalifunga mwenyewe kwa kamba ya buluu. Laonekana kutoka hapa, lile pale nyuma yako, limekaa juu ya sabuni. Nyoosha mkono."

"Shangazi, nikilitoa bila mfumo kuruhusu nafukuzwa kazi leo."

"Niitie mkubwa wako."

"Hayupo hapa."

"Yupo wapi?"

Loveness akatazama kushoto, akatazama kulia, akainamia lile tundu la kioo. "Shangazi, hata mimi sijawahi kumwona. Huwa anatuma ujumbe. Mimi mwenyewe niliagiza simu kwao mwezi wa tatu, mpaka leo haijafika."

Soud wa Moa akacheka mpaka akashika ukuta. Mize hakucheka. Aliweka viganja viwili juu ya kioo, akalitazama lile robota lenye kamba ya buluu, hatua sita kutoka alipo. Ni mali yake, kaifunga kwa mkono wake, na kati yake na mali yake hakuna hata mtu mmoja wa kugombana naye. Mize anajua kugombana, ni kazi yake. Lakini ugomvi unahitaji mtu wa pili.

"Yule mteja," akasema mwisho, "huyo Dorkasi. Nipe namba yake nimweleze. Afute maneno yake, mambo yaishe."

"Siruhusiwi kutoa namba ya mteja, Shangazi. Ni siri."

"Mie jina langu mmempa, mtaa wangu mmempa, umeandikwa mpaka kwenye mfuko! Langu si siri?"

Loveness akamwita anayefuata, na namba yenyewe haikuhitajika tena, maana tuliporudi Makorora adhuhuri tulimkuta Dorkasi amekaa barazani.

Hatukumjua. Tulimwona mama mnene wa Kisambaa, gauni la kitambaa kizito, kiatu cha kufunga, mkoba mapajani, na juu ya mkoba mfuko wa zambarau wa Gulio Tele. Amekaa wima kama yuko mahakamani. Mimi mara moja nikakumbuka kwamba nina shughuli upande wa pili wa barabara, nikasogea hatua mbili, ila masikio niliyaacha.

"Wewe ndiye Mize wa Makorora?"

"Ndiye. Karibu."

"Sikuja kukaribishwa. Nimetoka Muheza kwa gari la saa moja nimekuja nikuone kwa macho yangu. Mimi ni mama mtu mzima, nina wajukuu, naongoza kwaya ya kina mama Kilutheri mwaka wa tisa. Kiherehere changu umekiona wapi?"

Mize akafumba macho. "Wewe ndiwe Dorkasi."

"Mimi ndiye! Mama mchungaji wetu amehamishwa, kina mama wakanituma nimtafutie zawadi. Nikaona kwako kanga nyekundu nzuri, ina korosho, nikatazama picha tu nikabonyeza. Ikaja Jumapili asubuhi, hatukuifungua, tukaifunga kwenye karatasi ya maua vile vile. Mama mchungaji anaifungua mbele ya madhabahu, anaikunjua, kanisa zima linasoma. Umezidi kiherehere! Mchungaji akakohoa. Mimi nikasema labda ni bahati mbaya, kanga zote zina maneno. Nafungua simu yangu nimuulize muuzaji, nakuta nini?"

Akatoa simu kwenye mkoba, akasoma kwa sauti ya kwaya, mtaa mzima ukatoka nje.

"'Habari Dorkasi! UMEZIDI KIHEREHERE iko njiani kuja kwako. Kutoka kwa Mize, Makorora.' Hiyo ya kwanza. 'Habari Dorkasi! Je, umeridhika na UMEZIDI KIHEREHERE?' Hiyo ya pili. Na hii nyingine ya usiku, nimeshalala: 'Dorkasi, bado tunasubiri maoni yako. UMEZIDI KIHEREHERE.' Mara tatu! Mimi na wewe tumewahi kukutana wapi?"

Watu wa Makorora hawana adabu. Walicheka. Na Mize, aliyekuwa na hasira ya siku tatu isiyo na mtu wa kuipokea, akampata mtu.

"Na weye! Mtu mzima na wajukuu wako, wanunua kanga huulizi jina lake? Wampelekea mke wa mchungaji nguo hujui yasemaje? Kwani uliolewa hukuuliza ukoo?"

"Jina gani? Nimenunua kanga, sikununua ng'ombe!"

"Jina la kanga! Lile la chini ya mji!"

"Yale ni maneno!"

"Ni jina!"

"Maneno!"

Mize akamtazama yule mama vizuri kwa mara ya kwanza. Akauliza, polepole kidogo:

"Kwenu huko milimani, haya mwaita maneno?"

"Tunaita maneno ya kanga. Ninyi mnaita nini?"

Mize alimshika mkono akamwingiza sebuleni, akamkalisha mkekani, akafungua kabati na kuanza kumwaga kanga miguuni pake. Hii jina lake hili. Hii jina lake lile. Hii jina lake ni hili hapa, soma. Kisha akafungua simu yake, akamwonesha ile fomu. Jina la bidhaa. Akamwonesha yote ishirini na mawili aliyojaza.

Dorkasi akasoma moja moja, midomo inatembea. Alipofika la kumi na tano, mabega yalianza kutikisika, na mimi niliyekuwa dirishani nilidhani analia. Lakini Mize alipomweleza habari ya Nasra, na wale wakwe wa kisimani, na robota lenye kamba ya buluu, yule mama aliacha kutikisika. Akafunga mkoba wake, pa!

"Ijumaa hii?"

"Ijumaa hii."

Akabonyeza simu yake palepale kufuta malalamiko. Soko likamjibu kwamba malalamiko yakishapokewa hayafutiki, na likamshukuru kwa kulifanya Gulio Tele kuwa mahali salama.

"Linanishukuru," Dorkasi akasema. Sasa hasira yake ilikuwa imehama nyumba. "Mimi nililalamika kwa haki yangu. Sasa nasema nilikosea, halitaki kusikia. Kumbe halikuwa linanisikiliza hata mwanzo."

Alilala Makorora siku hiyo. Nilisikia wakibishana habari za jina na maneno mpaka nikachoka.

Alhamisi, stoo ilipofunguliwa, sisi tulikuwa wa kwanza. Soud wa Moa alikuwa wa pili. Dorkasi alisogelea lile tundu, na Loveness alipomwona Mize nyuma yake akaanza, "Shangazi, nimeshakwambia—"

"Mimi si muuzaji," Dorkasi akasema. "Mimi ni mteja. Mteja wenu anafanya nini akitaka mzigo wake aufuate mwenyewe?"

Loveness akatazama kompyuta. "Mteja anaruhusiwa. Hata kama duka limefungwa. Ila lazima awe mwenye oda, au aliyetumwa naye, na mwenye oda nimpigie simu nihakikishe."

"Muuzaji je?"

"Muuzaji aliyefungiwa haruhusiwi kugusa mzigo."

"Aliyelalamika kuhusu muuzaji, anaruhusiwa kutumwa?"

Loveness akasoma, akasoma tena, kidole kinashuka kwenye kioo cha kompyuta. Nilimwona uso unafunguka kidogo kidogo kama mtu anayekumbuka kwamba ana mikono. "Haijakatazwa popote, mama."

Mize akampigia Nasra. Nasra akabonyeza alichoambiwa kubonyeza huko Mkwaja, *nitatuma mtu*, akaandika jina la Dorkasi. Ikabaki moja. Loveness alitakiwa ampigie mwenye oda kwa simu ya ofisini, ile yenye spika, amsomee oda yake kwa ukamilifu, naye akubali kwa sauti.

Simu ikaita. Nasra akapokea.

"Habari mama, unaongea na Gulio Tele. Naomba kuthibitisha oda yako." Loveness akasoma kwenye kompyuta. "Je, wewe umeagiza... TUMEMTOA SI KWA NJAA, thelathini?"

"Sikusikii! Rudia!"

"TUMEMTOA SI KWA NJAA!"

"Ongeza sauti, mwanangu, wakwe wapo hapa uani wanaleta kuni! Nakuweka hewani!"

Na Loveness, ambaye simu yake haijafika tangu mwezi wa tatu, aliinuka kwenye kiti chake akalisoma jina lile kwa sauti ya juu kiasi kwamba wapakiaji waliacha kupakia. Foleni nzima ikapiga vigelegele. Soud naye alipiga, kwa sauti nene, huku amejifunga lile turubai lake shingoni kama leso.

"Ndiyo!" Nasra akasema kutoka Mkwaja. "Nimeagiza! Kwa akili zangu timamu!"

Robota likatoka. Dorkasi alilipokea, akatia sahihi, akatembea nalo hatua tano mpaka nje ya mstari mwekundu uliochorwa mlangoni, akalitua miguuni pa Mize. Mize akaigusa kamba ya buluu. Alikuwa anatazama ndani ya stoo, juu ya zile sabuni, lilipobaki robota lake la pili, doti ishirini na tisa. Hilo halikuwa na mteja wa kulidai. Siku ishirini na moja zilikwisha zamani, na kila akiuliza anajibiwa kwamba uchunguzi unaendelea. Mpaka ninapoandika hapa liko huko huko, na Mize akipita njia ya Pongwe anageuza uso.

Ijumaa asubuhi robota lilifika Mkwaja, wanawake thelathini wakajifunga, wakaingia uani mwa harusi wawili wawili, kimya, mikono kifuani. Upande wa mume wakasoma. Mama wa bwana harusi akaondoka kwenye kiti chake akamkalisha Nasra. Dorkasi naye alikuwepo, amejifunga doti ya thelathini na moja ambayo sijui Mize aliitoa wapi, na alipoulizwa na mtu jina la kanga yake, alilitaja haraka, kama mzaliwa wa pwani.

Ila nimesahau jambo moja la pale stoo, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Kabla hatujaondoka, yule mkubwa wao alitoka mwenyewe, amevaa suti na tai nyekundu, amekuja kutuzuia mlangoni. Mize akamshika ile tai kwa mkono mmoja, akamwinua juu mpaka viatu vikamvuka, akamwambia mbele ya watu mia nne—

"Ami! Umeandika nini hapo? Tai ya nani? Hakutoka mtu! Siku zote zile hakutoka hata mmoja nikamwona uso, na ndiyo hasira nnayolala nayo mpaka leo, weye wanipa wa suti! Kifute!"

"Tulia, mwanangu, nakifuta. Suti naitoa. Lakini vile viatu, watu wote wa foleni walivi—"